Mpira Niliousikiliza kwa Kisogo

Kabla ya maji kulikuwa na moto, na moto ndio ulionikataa kwanza.

Ammi yangu, ndugu wa baba, alikuwa mpishi wa halua Unguja. Nilipotimiza miaka kumi na saba akaniweka kwenye sufuria, maana skuli nilikuwa nimeshaachana nayo siku nyingi, au yenyewe iliachana na mimi, sijui nani alianza. Halua haimtaki mtu mwenye mawazo. Unashika mwiko mrefu kukushinda wewe mwenyewe, unazungusha tangu wanga unapoanza kushikana mpaka samli inapopanda juu, na katikati hapo hupumziki, hujikuni, na chafya ukipiga upige huku mkono unakwenda. Siku moja, halua ya arusi ya watu wakubwa, ammi akaniachia sufuria akenda kusali alasiri. Nikalala. Nimelala wima, na mkono unazunguka. Nikiwaambia watu hawaamini, lakini ndivyo ilivyokuwa: mkono ulikuwa ukizungusha hewa na mwiko uko chini miguuni pangu. Niliamshwa na harufu. Watu wa ile arusi walikula biskuti, na mimi nikapata kovu hili la mkono wa kulia, kwa sababu nilipozinduka nilitaka kuiokoa halua kwa kuishika.

Ammi hakunipiga. Alitazama ndani ya sufuria, akautazama mkono wangu, akasema, "Moto umekukataa. Kajaribu maji." Alikuwa mtu wa mzaha hata mbele ya khasara yake mwenyewe, Mungu amrehemu.

Maskati nilifika miaka ya sabini, pamoja na wengi wa kwetu ambao babu zao walitoka huku. Wenzangu wenye skuli zao na Kiingereza chao walikwenda maofisini, na leo ukiingia wizara yoyote utawakuta, au utawakuta watoto wao. Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Kurani, nasoma herufi zote vizuri na sijui nnachokisoma. Waliponiuliza naweza kazi gani nikawaambia yoyote isiyokuwa ya moto. Wakanipa gari la maji.

Nikaendesha gari la maji miaka mingi, nnakaa Hamriya juu ya duka la fundi cherehani wa Kihindi. Huyo fundi ningeweza kukupa khabari zake mpaka kesho. Alikuwa na wake wawili na wote wawili wakimpenda, jambo ambalo mimi sijaliona tena popote. Lakini tumwache. Siku moja, miaka ya tisini imeanza, nikaagizwa kupeleka maji klabu moja Khuwair ya Kusini, wana bwawa jipya la kuogelea linataka kujazwa. Nilikwenda safari kumi na nne. Ile ya mwisho pampu yao ikagoma, na pampu yenyewe ilikuwa ndugu moja na pampu ya gari langu, basi nikaifungua nikaitengeneza. Meneja akaniomba nibaki mpaka apatikane fundi. Fundi hakupatikana, nikabaki mimi miaka kumi na moja.

Nimekupitisha njia ndefu, lakini hiyo ndiyo njia niliyopita mpaka nikakutana na yule mwanamke wa Kihispania, na ningeikata ungejiuliza mzee huyu kafikaje kwenye mpira wa wanawake.

Klabu ile siku za Jumapili na Jumanne, baada ya alasiri mpaka kukaribia magharibi, bwawa lilikuwa la wanawake. Wanaume wote walitoka, na meneja pia. Tatizo pampu. Pampu ile ukiiacha peke yake nusu saa, ama inazima ama inamwaga maji nje, na mtu aliyeijua tabia yake nilikuwa mimi. Meneja akatafuta hila. Akatundika turubai la buluu kutoka ukuta mpaka ukuta, upande huu pampu na kiti changu, upande ule bwawa na wanawake, na kiti chenyewe kikatazama ukuta wa nyumba ya pampu. Kisogo changu ndio kilikuwa upande wa maji. Mke wangu aliposikia mpango huo alisema ni mzuri, ila atakuja aone kwa macho yake. Akaja Jumapili ya kwanza na chupa ya chai na baibui lake, akakaa ukingoni upande wa wanawake, mgongo kwa mgongo na mimi, turubai kati yetu. Kuogelea hajui, na katika miaka yote ile hakutia hata kidole cha mguu. Alisema anafuata upepo. Upepo wa Maskati mwezi wa saba.

Basi mwaka mmoja baada ya ile hofu ya watu kwamba kompyuta zote za dunia zitazimika, mwisho wa joto, akaja huyo Mhispania. Mumewe alikuwa injinia wa barabara. Nilimwona getini kavaa shati refu na suruali, mwanamke mrefu, mabega mapana, pua imevunjika ikaungwa ikavunjika tena. Wanawake wengi pale walikuja kupoza mwili tu, wengine wana mimba wanatembea taratibu kwenye maji ya kiunoni. Yeye aliingia kule kwenye kina, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, na mimi huku nyuma nikajua kwa sikio kwamba leo kaingia mtu mwingine. Watu wote wanapoogelea maji hulia. Ya huyu yalikuwa yakinong'ona.

"Nani huyo?" nikamuuliza mke wangu kupitia turubai.

"Tazama ukuta wako," akanijibu.

Aliyetuletea khabari zake alikuwa binti mmoja wa Kitanzania, mtu wa Bara, kutoka kule kwenye ziwa kubwa. Alikuwa akifanya kazi kwa bibi mmoja wa kwetu, mkubwa wizarani, na bibi huyo alikuwa akija naye bwawani pamoja na watoto. Binti alikuwa Mkristo, mcheshi, Kiswahili chake cha kwao kimechanganyika na Kiingereza na Kiarabu cha jikoni, na alisema aliogelea kabla hajajua kutembea. Akawa mkalimani. Mhispania akikaa upande ule na kikombe cha chai, akisema kwa Kiingereza chake, binti akisema kwa Kiswahili chake, halafu mke wangu akinisemea tena mimi kama kwamba turubai limenitia uziwi. Kwa hiyo khabari za maisha ya yule mwanamke nimezisikia kila moja mara tatu.

Alianza mpira wa majini akiwa mtoto wa miaka tisa, katika mji wa kwao ambao wasichana wanaocheza hawakuwapo. Akacheza na wanaume. Kocha alimpa kofia ya kaka yake mtu, ikamvuka kichwani siku ya kwanza ikazama, naye akapiga mbizi akaifuata mpaka chini, na kocha akasema huyu abaki. Alipofika miaka kumi na tisa akaitwa timu ya taifa lao. Akacheza huko miaka minane, akavunjika pua, akavunjika kidole, na mwisho bega la kulia likachomoka. Bega likapona, lakini alipopona walikuwa wameshamzoea mwengine. Hawakumfukuza, hawakumwita tu. Simu ikakaa kimya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, akaolewa, akamfuata mumewe huku. Watu wa kwao wakaona yamekwisha, na yeye mwenyewe akaona vivyo hivyo. Halafu akaja kocha mpya, akatoa neno kwamba mwezi wa tatu atafanya majaribio ya wiki moja, na kila aliyewahi kuichezea timu ana ruhusa kuja, hata awe na miaka mingapi. Yeye alikuwa na thelathini na mmoja.

"Hii ni mara ya mwisho," binti akatutafsiria. "Anasema wakimkataa safari hii basi, khalas, hatauliza tena. Lakini anataka wamkatae akiwa ndani ya maji, si akiwa Maskati."

Alikuwa na miezi sita. Na mchezo ule, akatueleza, haufanyiki peke yako. Kuogelea ataogelea, lakini mpira wenyewe ni watu kukushika, kukuzamisha, kukuvuta nguo, na wewe huku miguu haigusi chini unatakiwa uinuke mpaka kifuani uupige mpira golini kwa mkono mmoja. Alihitaji watu wa kumsumbua. Akawatazama wanawake wa Jumapili na Jumanne, wale wenye mimba akawaacha, waliobaki akawaomba.

Hapa niseme jambo langu. Mwanangu mkubwa alikuwa amejenga Mabela, nyumba nzuri, na chumba chetu alikuwa ameshakipaka rangi. Magoti yangu yalikuwa yamechoka na unyevu. Nilikuwa nimemuahidi kwamba mwaka huo unapokwisha nawacha kazi tunahamia. Na mwezi wa kumi na mbili meneja akaleta pampu mpya inayojizima na kujiwasha yenyewe, haimtaki mtu. Kila mtu akadhani nitaondoka siku hiyo hiyo. Nikamwambia mwanangu nangoja yule mwanamke apate jibu lake. Akaniuliza linanihusu nini. Nikamwambia rangi ya chumba haiozi.

Magoli niliyatengeneza mimi. Nilikwenda Hamriya kwa wauza mabomba nikanunua ya plastiki, nikayaunga kwa viwiko, nikafunga wavu wa kuzuilia jua, na chini nikatia madumu matupu yaelee. Yakawekwa upana kwa upana kule kwenye kina. Wanawake wakawa wanane, siku nyengine sita. Bibi wa wizarani akafanywa golikipa kwa ajili ya mwili wake, na mwenyewe alilisema kabla halijasemwa.

Sasa saa. Mpira ule timu ikishapata mpira ina sekunde thelathini na tano tu za kupiga goli, zikipita mpira unakwenda kwa wenzao. Lazima awepo mtu wa kuhesabu na kupuliza filimbi, na wanawake wote walikuwa ndani ya maji isipokuwa mke wangu, ambaye hakuwa na subira ya kuhesabu kitu. Akasema mpeni huyo, kazi yake kutazama ukuta. Wakanirushia filimbi juu ya turubai. Saa ya mkononi nilikuwa nayo lakini macho yangu hayaoni mshale mdogo, basi nikatumia tasbihi. Tasbihi ni punje thelathini na tatu. Nikawa nikisikia mpira umeshikwa naanza, punje moja subhanallah, punje ya pili subhanallah, nikimaliza naongeza mbili za juu, napuliza. Nikaona nimepata kazi na thawabu kwa pamoja.

Wiki za mwanzo zilikuwa maafa. Si kwa Mhispania, kwa mchezo. Wanawake wetu hawakutaka kumgusa. Yule ni mgeni, na mgeni kwetu havutwi nguo. Nilikuwa nikisikia huku nyuma: maji yanapiga, mara kimya, mara sauti, "Samahani, dada," na mpira unaachiwa. Akikaribia goli, bibi wa wizarani anajisogeza pembeni ampishe. Mke wangu anasema, "Kafunga tena, maskini," kwa huruma, kama kwamba kufunga goli ni maradhi. Hata wao kwa wao walikuwa na adabu zao. Yule binti wa ziwani alikuwa na mkono wa nguvu kuliko wote, lakini golini yuko bibi yake, ambaye yeye ndiye humpikia chai asubuhi, basi mpira wake ulikuwa ukifika golini umelala usingizi.

Mhispania akawaomba, akawasihi, akawaonyesha wapi washike. Wakamwambia sawa. Mpira ukianza wanampisha. Ilifika siku moja akatoka majini kabla ya wakati, akakaa karibu na mke wangu. Halafu nikasikia sauti yake, na safari hii hakumngoja binti, alikuwa ameshaokota maneno yetu machache.

"Mama," akasema, "mimi mgeni mpaka lini?"

Mke wangu akammiminia chai. Tulipokuwa ndani ya teksi tunarudi nyumbani ndipo akasema, kama anayeongea na dirisha, "Hajaingia jikoni."

Ntakueleza maana yake. Kwetu mgeni unamweka sebuleni. Unamtilia udi, unamletea kahawa na tende, unamletea chakula mpaka miguuni pake, na jikoni haingii hata akiomba. Ukimwona mwanamke kapita sebuleni moja kwa moja mpaka jikoni akafunua mwenyewe mfuniko wa sufuria, jua huyo si mgeni, huyo unaweza kumgombeza.

Ijumaa ile mke wangu akawaita wote nyumbani baada ya sala. Mimi nilikaa sebuleni na mume wa Mhispania, kijana mpole, tukitazamana na kutabasamu maana lugha hatukuwa nayo, na yaliyopita jikoni nimeyasikia kwa masikio yangu kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mke wangu hasemi kwa sauti ndogo. Alimkalisha Mhispania juu ya mbuzi, kigoda cha kukunia nazi, mbele ya wanawake wote, akamwekea nazi sita. Yule mwanamke na mabega yale akazishika nazi kama anazidai. Mbuzi ikalia. Mume wake akaniangalia kwa wasiwasi.

"Umetia kifuu," nikamsikia mke wangu. "Hii nyeusi nyeusi hii, huioni? Nani atakula wali wa vifuu? Kuna polepole. Hatukimbizwi."

Nikasikia visu vya wanawake vinasita. Kumgombeza mgeni wa Kizungu, tena mke wa injinia. Halafu binti wa ziwani akacheka, akafuata bibi wa wizarani, na mke wangu akaendelea: anakaa vibaya, anashika vibaya, huko kwao nani alimlea. Mhispania akauliza binti anasemaje. Binti akamwambia, "Anasema umeharibu nazi yake." Akakuna zote sita. Akaosha na vyombo, vyote, na mke wangu akamrudishia masufuria mawili ayaoshe tena, na moja katika hayo nakuhakikishia lilikuwa safi.

Jumapili iliyofuata wakampiga.

Sijui niseme vipi. Maji yaliyokuwa yakinong'ona yakawa yanapiga kelele kama soko la samaki. Nilisikia kitambaa kinachanika. Nilisikia binti wa ziwani anasema, "Njoo hapa, mharibu nazi." Mpira ukaligonga bomba la goli nikaogopa kazi yangu itafumuka, na bibi wa wizarani akamwambia mtumishi wake kwa sauti ya ofisini, "Kumbe siku zote ulikuwa unanidanganya," na binti akajibu, "Humu ndani hakuna madam, madam." Mke wangu ananitangazia huku chai inamwagika: kamshika, kamzamisha, kaibuka, anatema maji, anacheka, kamzamisha tena.

Na hapa nna jambo la kukiri. Niligeuka mara moja. Katikati ya kelele zile pakawa kimya ghafla, kimya cha maji yenyewe, na mke wangu pia kanyamaza. Pampu au si pampu, kazi ya mtu wa bwawani kabla ya yote ni mtu asife. Nikainuka nikasukuma pembe ya turubai. Nikaona kofia nne zimekusanyika pamoja na hakuna ya tano, na pumzi moja baadaye yule mwanamke akapanda kutoka chini kama anayesukumwa, mpira mkononi, kifua chote nje ya maji, akaupiga. Basi. Kiatu cha mke wangu kilinipata sikioni, nikarudi kwenye ukuta wangu. Kwa hiyo mpira wa majini mimi nimeuona, muda wa pumzi mbili. Sijawahi kuona mtu anafurahi vile na huku nusura azame.

Wakaendelea hivyo mwezi wa kumi na mbili wote na wa kwanza. Alipata alama ya kucha shingoni, wao wakapata mabega. Mke wangu alianza kusema nyumbani mambo ya mbinu. Usiku tunakula samaki, ananiambia golikipa anasimama mbele mno. Binti wa ziwani akawa ndiye anayemkaba Mhispania kila siku, na walipotoka majini wakikaa bega kwa bega wanakula sambusa, hawasemeshani, wamechoka mno.

Mwezi wa pili mume wake akaleta zawadi, saa ya kuhesabia sekunde, yenye namba kubwa, ili mzee apumzike na tasbihi. Nikakabidhiwa juu ya turubai. Nikasema nitaijaribu kwanza pamoja na tasbihi yangu, nione kama saa yao ni nzima. Nikabonyeza, nikaanza punje zangu kwa mwendo ule ule wa siku zote, nikamaliza thelathini na tatu na mbili za juu. Saa ikasema ishirini na tatu.

Nikarudia. Ishirini na mbili. Nikawa napeleka subhanallah kama mtu anayekimbizwa, kumbe ndivyo nilivyozoea tangu chuoni, mwalimu wetu alikuwa anatuacha twende kucheza tukimaliza. Miezi minne nimewanyima wanawake wale sekunde kumi na mbili katika kila mpira. Ndiyo maana walikuwa wakilalamika hawapati nafasi ya kupumua, na mimi nikiwajibu kupitia turubai kwamba wavivu ni wao.

Ningeweza kunyamaza. Saa ilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyeiona. Lakini nikamfikiria yule mwanamke atakwenda kule kwao na hesabu ya uongo kichwani, na watu wazima wamekaa kumpima. Nikamwambia mke wangu. Mke wangu akawaambia wote. Maji yakatulia.

"Ammi," akasema bibi wa wizarani kutoka golini, "wewe ndiye ulikuwa unatuua?"

"Ni mimi, mwanangu."

Wakanisema. Kila mmoja alikuwa na lake, na binti wa ziwani akasema mapafu yake anayadai. Mhispania akawa anaomba atafsiriwe. Alipoelewa akapiga maji kwa kiganja, nikadhani ameudhika, na nilikuwa tayari kuomba radhi kwa lugha yoyote. Akaja karibu na turubai, nikaliona linasogea pale alipoweka mkono.

"Baba," akasema, "usitumie saa. Tasbihi. Mpaka niondoke, tasbihi."

Basi saa nikaitia mfukoni, na wiki zilizobaki nikahesabu kama zamani, sasa kila mtu akijua. Nilijitahidi hata kuharakisha. Sijui kama Mungu ananiandikia zile za mwisho.

Aliondoka mwanzo wa mwezi wa tatu. Alikuja nyumbani kuaga, akapita sebuleni bila kukaa, akaenda jikoni. Mke wangu alimpa halua ya huku, kopo zima, akamwambia ampe kocha kwanza kabla ya kuingia majini. Sijui kama alimpa. Tulikubaliana kwamba siku ya majina kusomwa atapiga simu ya klabu, na siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku yetu.

Jumanne ile hakuna aliyecheza. Wanawake waliingia majini wakakaa tu wameshika ukingo. Pampu mpya ikavuma peke yake. Nikauliza saa ngapi sasa kule kwao, mke wangu akasema nyuma yetu, nikauliza nyuma kiasi gani, akasema mbona leo huhesabu tasbihi. Kweli, ilikuwa mfukoni. Bibi wa wizarani alisema kwamba asipochukuliwa atarudi kucheza hapa hapa na sisi, kwani hapa pana nini. Hakuna aliyemuunga mkono. Wote tulijua kwamba akikataliwa hatatia tena mguu majini, wala hapa wala pengine. Na mimi nikajiuliza, kama jibu ni hapana, nani atamwambia nani pole, maana sisi sote tulikuwa tumemshika nguo.

Simu ikalia kwenye meza ya mbele. Binti wa ziwani akatoka majini akajifunga kanga, nikasikia miguu yake mibichi inapiga sakafu, inakwenda. Ilikaa sana. Halafu miguu ikarudi, inatembea, haikimbii.

"Wamesoma majina kumi na tatu," akasema. "Timu yote ni kumi na tatu."

"Na yeye?" Huyo mke wangu.

"Wamesoma kumi na mawili, yeye hayumo. Anasema alikuwa ameshaanza kufunga mkoba." Sauti ikakatika, ikarudi. "Wa kumi na tatu ni yeye."

Kila mtu akahesabu upya, halafu vigelegele vikapanda, vile vya arusi, na maji yakapigwa kwa viganja mpaka yakaruka juu ya turubai yakanilowesha shingo. Bibi wa wizarani alikuwa analia. Mke wangu, ambaye hajui kuogelea, nilimsikia anauliza kama kule atacheza au atawekwa pembeni, na binti akamwambia, "Mama, muache leo afurahi, kesho tutagombana na kocha."

Nilikaa pale nikawasikiliza. Nilisikia raha ambayo sijui niifananishe na nini, na magoti yakaniuma kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mpira wa kuhesabu, na pampu ilikuwa haina haja na mimi. Nikainuka. Ufunguo wa nyumba ya pampu nikautundika kwenye msumari wake. Kuna mlango wa nyuma wa kutolea taka, unafunguka barabarani, nikapita huo, na nyuma yangu bado wanapiga vigelegele. Mke wangu mpaka leo ananilaumu kwamba nilimwacha arudi peke yake na chupa ya chai. Sikumuaga meneja wala sikumuaga mtu. Nikashika njia ya barabara kubwa kwa miguu, shingo ingali mbichi, na pale sikurudi tena.